Panya kibete yupi? Kulinganisha panya wa maabara wanaokosa homoni ya ukuaji

Mwezi Januari 2003, katika maabara ya Andrzej Bartke huko Illinois, Marekani, panya mmoja alikufa akiwa na siku 1,819. Ilibaki wiki moja atimize miaka mitano. Panya wa kawaida wa maabara akitunzwa vizuri hufikisha miaka miwili na ushei, na mwenye bahati huikaribia mitatu. Huyu hakupewa dawa yoyote ya ajabu. Alizaliwa bila kipokezi cha homoni ya ukuaji: homoni ilijaa tele kwenye damu yake, lakini seli hazikuwa na mahali pa kuipokelea.

Mwanafunzi anayeandaa andiko la utafiti kuhusu umetaboli na uzee akisoma habari hiyo, husema mara moja: basi nitamtumia huyo. Huenda akawa amepatia, huenda akawa amekosea. Panya wenye hitilafu katika njia ya homoni ya ukuaji ni wengi, na wote huandikwa kwenye makala kwa maneno yaleyale: wadogo, IGF-1 (homoni inayokuza mwili) iko chini, wanaishi sana. Ukiwaweka bega kwa bega, tofauti zao ni kubwa kiasi kwamba swali moja linaweza kupata majibu yanayopingana, kwa kuwa tu umenunua panya tofauti. Kigezo changu cha kuwatenganisha ni kimoja: njia imekatwa wapi, na kitu gani kingine kimekatika pamoja nayo?

Njia yenyewe kwa ufupi

Haipothalamasi iliyo ubongoni hutoa GHRH. GHRH huiamuru tezi ya pituitari itoe homoni ya ukuaji. Homoni husafiri kwenye damu na kukamatwa na kipokezi chake katika ini, mafuta, misuli na kwingineko. Ndani ya seli, kipokezi huamsha protini za JAK2 na STAT5, na katika ini matokeo makubwa ni kutengenezwa kwa IGF-1, ambayo ndiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kukuza mwili.

Watu wengi huishia hapo na kuisahau kazi ya pili. Homoni ya ukuaji huyeyusha mafuta na kupingana na insulini. Mwenye homoni nyingi kupita kiasi huwa na mafuta machache, na bado insulini yake haifanyi kazi vizuri. Asiye nayo hunenepa, na insulini kidogo tu humtosha. Lishike hili, kwa sababu ndilo litakalokuchanganya utakapoanza kupima panya wako.

Ames na Snell: wakongwe wenye mapungufu matatu

Panya kibete wa Snell aliripotiwa mwaka 1929 na George Snell. Yule wa Ames alijulikana mwaka 1961, na jina lake ni la mji wa Ames, Iowa. Snell ana hitilafu katika jeni ya Pit1, Ames katika jeni ya Prop1. Jeni zote mbili huhitajika ili pituitari ikue ipasavyo, kwa hiyo matokeo yanafanana sana: panya hawa hawana homoni ya ukuaji, hawana prolaktini (homoni ya maziwa), na hawana TSH inayoiamuru tezi ya thairoidi.

Ames ndiye aliyefungua ukurasa huu wote. Mwaka 1996 Holly Brown-Borg, Bartke na wenzao walionyesha kwamba madume vibete waliishi takriban asilimia 49 zaidi ya ndugu zao wa kawaida, na majike asilimia 68 zaidi. Ilikuwa mara ya kwanza jeni moja kuonyeshwa ikirefusha maisha ya mamalia kwa kiwango hicho. Snell naye, katika kazi ya Kevin Flurkey na wenzake ya mwaka 2001, aliongeza zaidi ya asilimia 40, na uzee wa kinga ya mwili na wa kolajeni ulichelewa pia.

Kwa hiyo ukitaka athari kubwa inayoonekana hata kwa panya wachache, hawa wawili ni chaguo zuri. Taabu iko kwenye kuyatafsiri matokeo. Joto la mwili la Ames liko chini kuliko la mwenzake wa kawaida kwa zaidi ya nyuzi moja. Je, hiyo ni kazi ya homoni ya ukuaji au ya thairoidi? Umetaboli wa mwili mzima huguswa na thairoidi moja kwa moja, na wewe umeiondoa bila kukusudia. Unaweza kuwapa homoni ya thairoidi ili kulitenga hilo. Jaribio la namna hiyo limefanywa kwa Snell: waliopewa thairoksini maisha yao yote walipunguza sehemu ya ile faida, ila bado waliwazidi wa kawaida. Lakini ukishaanza kudunga homoni moja ili kuelewa nyingine, unafanya majaribio mawili kwa bajeti ya moja.

Uzazi nao ni mtihani. Majike hawa ni tasa, kwa hiyo unawazalisha kupitia wabebaji wa jeni hiyo wanaoonekana wa kawaida, na katika kila watoto wanne unatarajia kibete mmoja tu. Ukihitaji vibete 60 wa jinsia moja, piga hesabu ya vizimba kabla ya kuomba fedha.

GHRKO dhidi ya GHRH-KO dhidi ya lit

Hapa ndipo ushindani halisi ulipo, kwa sababu watatu hawa hawajaguswa thairoidi wala prolaktini kama wale wakongwe.

GHRKO (GHR ni kipokezi cha homoni ya ukuaji, KO ni jeni iliyovunjwa) alitengenezwa katika maabara ya John Kopchick, Chuo Kikuu cha Ohio, na kutangazwa mwaka 1997. Jeni ya kipokezi imevunjwa mwili mzima. Huitwa pia panya wa Laron, kwa kuwa anafanana na watu wenye ugonjwa ulioelezwa na Zvi Laron miaka ya 1960. Uzito wake ukubwani ni kama nusu ya mwenzake au pungufu. Ripoti ya mwaka 2000 ilionyesha nyongeza ya maisha ya asilimia 55 kwa madume na 38 kwa majike. Waliporudia kwa ukoo wa C57BL/6J bado waliishi zaidi, ingawa nyongeza haikuwa kubwa kama ile ya kwanza. Hata hivyo, ni yeye aliyeweka rekodi ile ya siku 1,819.

Umetaboli wake unasisimua. Ni mnene: asilimia ya mafuta mwilini iko juu kuliko ya panya wa kawaida, mengi yakiwa chini ya ngozi. Kwa mazoea ya hospitalini ungemtabiria kisukari. Kumbe sukari yake ya damu iko chini, insulini yake iko chini sana, na adiponektini, homoni itolewayo na mafuta ambayo kwa kawaida hushuka mtu akinenepa, kwake iko juu. Hata mafuta ya tumboni, yanayolaumiwa kila mahali, kwake yana tabia nyingine: panya wa kawaida akikatwa mafuta hayo kwa upasuaji, insulini yake hufanya kazi vizuri zaidi, GHRKO akikatwa, hapati faida hiyo.

Ila kuna mtego kwenye vipimo. Visiwa vya kongosho lake, vinavyotengeneza insulini, ni vidogo. Ukimdunga insulini, sukari hushuka haraka, na utaandika kwamba ana usikivu mkubwa. Ukimpa glukosi nyingi kwa mpigo, sukari hukawia kushuka, kwa sababu hana akiba ya insulini ya kutosha, na mwingine ataandika kwamba ana dalili za kisukari. Wote wawili wamepima sawasawa. Usichague GHRKO kama huna uwezo wa kufanya vipimo vyote viwili pamoja na kupima insulini yenyewe.

GHRH-KO amekatwa juu kabisa, kwenye haipothalamasi. Homoni yake ya ukuaji iko chini pamoja na IGF-1, tofauti na GHRKO ambaye homoni imefurika bila kazi. Liou Sun na wenzake waliripoti mwaka 2013 kwamba aliishi takriban asilimia 46 zaidi. Kwa mtazamo wangu huyu ndiye panya safi kuliko wote kwa swali la "upungufu wa homoni ya ukuaji pekee", na nashangaa anatajwa mara chache kuliko anavyostahili.

Kuna tofauti moja inayoweza kuamua uchaguzi wako bila mjadala. Ames na GHRH-KO wakipunguziwa chakula huongeza maisha zaidi ya pale walipokuwa. GHRKO hapati faida yoyote ya maana, kama inavyoonekana katika kazi ya Michael Bonkowski ya mwaka 2006. Kwa hiyo kama swali lako ni iwapo kufunga au kupunguza chakula kunapitia njia hiihii ya homoni, GHRKO anakuambia ndiyo na GHRH-KO anakuambia si yote. Ukitumia mmoja tu utatoa hitimisho ambalo mwenzako atalipindua mwaka unaofuata. Vivyo hivyo kwa rapamaisini: dawa hii hurefusha maisha ya panya wa kawaida, lakini GHRKO waliopewa waliishi muda mfupi zaidi. Ukipanga kuchanganya dawa na jeni, anza kwa kusoma habari hiyo.

Kuhusu lit sina mengi. Kipokezi chake cha GHRH ni kibovu, amejulikana tangu miaka ya 1970, na huzaa kidogo. Aliongeza maisha kwa asilimia 23 hadi 25, na hiyo ni alipolishwa chakula chenye mafuta kidogo, maana hunenepa kwa urahisi. Kama maabara jirani wanaye tayari, mchukue. Kumnunua mpya sioni sababu.

Wanaodanganya macho

Ukitaka kuelewa kwa nini nakataa kigezo cha "IGF-1 iko chini", mtazame panya aliyevunjwa kipokezi kwenye ini pekee. IGF-1 ya damu yake hushuka kwa zaidi ya asilimia 90. Kama IGF-1 ya damu ingekuwa ndiyo saa ya uzee, huyu angeishi kama wengine. Haikuwa hivyo: ini lake linajaa mafuta, insulini inapata ukinzani, na maisha hayarefuki. Sababu inaeleweka. IGF-1 inaposhuka, pituitari haipati tena ishara ya kuizuia, hivyo inamwaga homoni ya ukuaji zaidi, na homoni hiyo inavishambulia viungo ambavyo bado vina vipokezi. Mafuta yanayeyushwa kupita kiasi na kumiminika kwenye ini lisiloweza kujitetea.

GHA naye ana somo lake. Amepandikizwa jeni ya homoni iliyobadilishwa, inayokalia kipokezi bila kukiamsha. Ni mdogo na mnene, kwa macho anakaribia GHRKO, lakini hakuongeza maisha. Kuziba njia nusunusu hakukutosha. (Kwa njia, utafiti wa homoni hiyo pingamizi ndio uliozaa pegvisomant, dawa ya akromegali (ugonjwa wa homoni ya ukuaji kuzidi) iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2003. Panya asiyefaa kwa swali moja alilipa gharama zake kwa lingine.)

Upande wa pili kabisa yuko bGH, aliyepandikizwa jeni ya homoni ya ukuaji ya ng'ombe. Ni jitu, mafuta yake akiwa mkubwa ni machache, misuli imejaa. Kwa picha ungemchagua yeye kuwa kielelezo cha afya. Ana ukinzani wa insulini, figo zake huharibika, hupata uvimbe wa ini, na hufa mapema sana kuliko ndugu zake. Muweke kando ya GHRKO: mnene anaishi, mwembamba anakufa. Unene wala wembamba havikutabiri chochote hapa. Usikivu wa insulini ndio uliotabiri vizuri zaidi.

Nilimweka bGH kwa makusudi, maana kuna soko kubwa la sindano za homoni ya ukuaji kwa wazee, na mzizi wake mmoja ni jaribio dogo la Daniel Rudman la mwaka 1990: wanaume 12 wa zaidi ya miaka 60 walidungwa kwa miezi sita, mafuta yakapungua kwa asilimia 14 hivi na mwili usio mafuta ukaongezeka kwa karibu asilimia 9. Hakuna aliyepima kama waliishi zaidi. Panya wamepimwa, na wanaelekea kinyume.

Umri wa kukata

Wote niliowataja walizaliwa na hitilafu. Basi je, walifaidika kwa kukua polepole utotoni au kwa kukosa homoni ukubwani? Ames waliodungwa homoni ya ukuaji kwa wiki chache tu, wakianza wangali wanyonyaji, walipoteza sehemu kubwa ya nyongeza yao ya maisha. Snell waliodungwa wakiwa wameshavuka umri huo hawakupoteza. Inaonekana kuna kipindi cha mapema ambacho hupanga mengi ya baadaye.

Dirisha hilo halifungi kila kitu. Mwaka 2021 kundi la Kopchick, Silvana Duran-Ortiz akiwa mwandishi wa kwanza, liliripoti panya aliyevunjwa kipokezi akiwa na miezi sita, yaani mtu mzima kamili, kwa kutumia dawa ya tamoksifeni kuamsha ukataji wa jeni. Majike waliishi zaidi. Madume walipata usikivu bora wa insulini bila maisha kurefuka. Kama lengo lako ni tiba, huyu ndiye wa kufikiria, maana hakuna mgonjwa atakayekuja kliniki kabla hajazaliwa. Lakini andaa jinsia zote mbili, na kundi la udhibiti lililopewa tamoksifeni pia.

Chumba kinaamua zaidi ya unavyodhani

Mwaka 1972 Snell waliripotiwa kufa ndani ya miezi michache, na kukajengwa nadharia kwamba upungufu wa homoni huharibu kinga na kuharakisha uzee. Walipokuja kutunzwa vizuri, wakawa miongoni mwa panya wanaoishi sana duniani. Kibete huyu hana joto la kumtosha. Flurkey aliwaweka pamoja na majike wa kawaida ili wapate wa kulala nao karibu. Waachishe ziwa kwa kuchelewa, wawekee chakula mahali wanapofikia, usiwaache peke yao kizimbani.

Halafu kuna joto la chumba. Maabara nyingi za Ulaya na Marekani huweka nyuzijoto 20 hadi 24, ambazo kwa panya ni baridi. Yeye hutulia kwenye nyuzijoto 30 hivi. Mnyama mdogo hupoteza joto haraka, kwa hiyo kibete huchoma oksijeni nyingi kwa kila gramu ya mwili ili ajipashe, na mafuta yake ya kahawia hufanya kazi muda wote. Ames na GHRKO walipohamishiwa kwenye nyuzijoto 30, tofauti nyingi za umetaboli kati yao na wa kawaida zilipungua au kufutika. Anayefanya kazi Dar es Salaam au Mombasa atafakari hili: umeme ukikatika na kiyoyozi kikazima, chumba chako kinasogea kwenye joto hilo bila ruhusa yako. Nunua kirekodi cha joto, kiandike masaa 24, na uripoti takwimu hizo kwenye makala. Ukiamua kuwaweka nyuzijoto 30 kwa makusudi, huo ni mpango halali na hata una mvuto wake, ila usilinganishe namba zako na za Ohio.

Kwa mwenye haraka

| Panya | Njia imekatwa wapi | Maisha | Angalizo |
|---|---|---|---|
| Ames, Snell | pituitari. Prolaktini na TSH pia hazipo | Ames +49% hadi +68%, Snell zaidi ya +40% | thairoidi inachafua matokeo |
| GHRH-KO | haipothalamasi | takriban +46% | bado hufaidika na kupunguziwa chakula |
| GHRKO | kipokezi, mwili mzima | +38% hadi +55% (ripoti ya 2000) | pima insulini, si sukari pekee |
| Kipokezi cha ini tu | ini | hakuna nyongeza | ini la mafuta |
| Kipokezi, miezi sita | mwili mzima, ukubwani | majike tu | tamoksifeni |
| bGH | homoni imezidishwa | mafupi | mwembamba mwenye ukinzani |

Ningechagua nini

Kwa swali la umetaboli na uzee kwa ujumla ningechukua GHRKO. Ana kumbukumbu nyingi zaidi, anazaa mwenyewe ingawa kwa watoto wachache, na kuna binadamu wa kulinganisha naye. Huko kusini mwa Ecuador, Jaime Guevara-Aguirre amewafuatilia kwa miongo watu wasio na kipokezi hiki. Katika ripoti ya mwaka 2011 aliyoandika pamoja na Valter Longo, hakuna aliyekuwa na kisukari, na saratani ilikuwa moja tu, isiyoua. Kati ya jamaa zao wa kimo cha kawaida, saratani ilifika asilimia 17 na kisukari 5. Hawakuishi zaidi ya jamaa zao, kwani ajali na pombe ziliwamaliza kwa sababu nyingine kabisa. GHRKO naye hupata uvimbe kwa kuchelewa, kwa hiyo upande wa magonjwa ulinganifu unashika.

Kama swali ni upungufu wa homoni yenyewe, au chochote kinachohusu chakula, GHRH-KO, na ukiweza mweke GHRKO pembeni yake. Kama unataka kuonyesha kwamba IGF-1 ya damu haitoshi, panya wa ini ni lazima awemo, hata vizimba vichache. Ames na Snell ningewaachia anayefanya kazi ya seli: vipande vya ngozi ya Snell vikioteshwa maabara, seli zake hustahimili mionzi ya jua, joto na sumu kama kadimiamu kuliko za kawaida, na kwa kazi hiyo hakuna haja ya kundi kubwa la kuzeesha.

Na kama fedha zako ni za miaka miwili, usiandike "urefu wa maisha" kwenye andiko. GHRKO ulionunua leo, wengi wao watakuwa hai siku fedha zitakapokwisha. Andika usikivu wa insulini, uvimbe unaoonekana kwa umri fulani, nguvu za misuli, kisha omba kundi dogo liachwe lizeeke kwa gharama ya mradi mwingine.